Kisukari Kilichojificha Nyuma ya Ataksia

Ugonjwa wa kwanza nilizaliwa nao, ingawa haukujitokeza mpaka nilipokuwa shule ya msingi, nilipoanza kuyumba na kuanguka bila kujikwaa. Ni ataksia ya Friedreich, ugonjwa wa neva unaouondolea mwili uwezo wa kuratibu mienendo yake, uliopewa jina la daktari Mjerumani aliyeueleza mwaka 1863. Wa pili, yaani kisukari, umegunduliwa hivi karibuni, na kinachonishangaza ni jinsi ulivyopata pa kujificha.

Uchovu niliuzoea, kwa kuwa ataksia huchosha. Kuamka usiku kwenda haja ndogo nako kulikuwa na maelezo yake, maana ugonjwa huu huweza kuvuruga kibofu, na ganzi ya miguu nimekuwa nayo kwa miaka mingi. Kila dalili ambayo kwa mtu mwingine ingezua shaka, kwangu ilikwisha kupewa sababu. Kilichoumbua kisukari ni kipimo cha damu cha kila mwaka, ambacho mwenye ataksia hii hushauriwa kufanyiwa hata akijisikia mzima.

Wapo wanaoniambia, kwa nia njema, kwamba nilipenda mno vitu vitamu. Huwa najibu kwa ufupi, kwa sababu maelezo kamili ni marefu: baba na mama, ambao wote ni wazima, kila mmoja alinirithisha nakala moja yenye kasoro ya jeni iliyotambuliwa mwaka 1996, na kasoro hiyo huufanya mwili utengeneze protini ya frataksini kwa kiasi kidogo mno. Bila protini hiyo ya kutosha, mitokondria, ambamo seli huzalisha nguvu zake, hudhoofika. Seli za neva huumia, misuli ya moyo huumia, na kwa baadhi yetu huumia pia seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Kwa hiyo kisukari changu ni tawi la ugonjwa uleule.

Daktari alinianzishia insulini badala ya metformini, vidonge ambavyo wagonjwa wengi wa kisukari huanzishiwa, akieleza kwamba vidonge hivyo hugusa utendaji wa mitokondria, nami sina mitokondria za kuchezea.

Kazi ngumu imekuwa ya mikono. Kutoboa kidole ni rahisi. Kulifikisha tone la damu kwenye ncha nyembamba ya kijiti cha kupimia ndiko kunakonitoa jasho, kwani mkono hupitiliza, hurudi, kisha hupitiliza upande wa pili. Sasa hukiweka kipimo mezani, nikakiegemeza kitabu kizito, nikabana viwiko vyote viwili mbavuni na kukipeleka kidole kwenye kijiti. Mama angependa kunifanyia yote hayo, lakini nimemwomba aniachie walau hili.

Linalonitia hofu zaidi ni sukari kushuka. Mtu hufundishwa kujihadhari akianza kutetemeka, kupepesuka na kuongea kwa ulimi mzito, na hivyo ndivyo nilivyo kila siku, sukari ikiwa sawa au isiwe sawa. Siwezi kuziamini dalili. Naweza kuamini namba tu. Kliniki ijayo nitaomba kihisi cha kubandika kwenye mkono, kinachopiga king'ora sukari inaposhuka, na nitaomba pia daktari wa moyo na wa kisukari walisome faili langu pamoja, kwani mpaka sasa kila mmoja hulisoma kivyake.