Baba aliyetukimbia aliibuka siku ya posa yangu, hivi ndo nilivyomalizana naye

Kuna jambo linatokea sana huku kanda ya ziwa na nadhani hata mikoa mingine lipo, mzee anatelekeza familia miaka na miaka, hajui mtoto kasoma kwa hela ya nani, siku akisikia binti kaletewa barua ya posa anaibuka kapiga pasi shati anataka akae kiti cha mbele ahesabu ng'ombe. Mimi lilinikuta mwaka 2021. Nimeamua kuandika kwa sababu wakati yananikuta niliuliza watu wengi nifanyeje, na kila mtu alikuwa na jibu lilelile, ama samehe tu huyo ni baba yako, ama mfukuze asikanyage. Sikufanya lolote kati ya hayo mawili na leo nina amani, kwahiyo naeleza ilivyokuwa.

Baba aliondoka mwaka 2003, mi niko darasa la tatu na mdogo wangu wa kiume bado ananyonya. Tulikuwa tunakaa Mwanza, Kirumba, na mama alikuwa anauza dagaa pale soko la Mwaloni. Miaka ile Geita ndo ilikuwa midomoni mwa watu, kila kijana anataka kwenda machimbo, baba naye akapata wenzake Nyarugusu akamwambia mama nipe mtaji niingie duara, yani shimo la dhahabu, na wenzangu, tukipata mawe tunagawana mifuko, nakuja tunajenga. Mama akampa hela yote aliyokuwa anazungushia biashara, na juu yake akauza cherehani aliyoachiwa na bibi. Baba akavuka feri Kigongo akaenda. Mwanzoni alituma vihela kwa madereva, halafu vikakata, halafu kimya. Miaka imepita ndo tunasikia kwa watu yuko Katoro, kajenga, ana mke na watoto.

Sasa mtu anayesema samehe tu, nataka ajue mama alibaki na nini. Dagaa wa ziwani wanavuliwa usiku kwa taa, mwezi ukiwa mkubwa ile taa haiwavuti kwahiyo wavuvi wanapumzika, yani kila mwezi kuna siku mzigo hautoki visiwani hata ufanyeje. Mtu mwenye mtaji anaweka stoo mapema anauza wakati huo kwa bei nzuri, mtu asiye na mtaji kama mama anachukua mali kauli, mzigo wa watu, akishauza anarudisha hela ya mwenyewe anabaki na kilichobaki. Mvua ikinyesha dagaa hawajakauka vizuri wanabadilika rangi, wateja wa Congo na Rwanda hawaangalii mara mbili, wanaenda gunia la jirani, na deni linabaki palepale. Nilipoingia kidato cha kwanza 2008 ada ya shule ya kutwa ilikuwa 20,000 kwa mwaka, mtu anaona ndogo, ila weka na michango ya mlinzi, ya madawati, ya mitihani, na iangukie kwenye siku za mwezi mkubwa. Nimerudishwa nyumbani mbele ya darasa zima sijui mara ngapi. Nilikuwa napitia Mwaloni moja kwa moja na sare, navua viatu nachambua dagaa na mama mpaka jioni.

Nikiwa kidato cha pili nilianza daftari. Ile kaunta buku ya jalada gumu. Kila kitu ambacho baba alitakiwa kuwepo akakosekana nilikuwa naandika na tarehe. Ada. Siku mdogo wangu kalazwa kwa malaria tumekosa hela ya kitanda. Siku mwenye nyumba katoa vyombo vyetu nje. Siku mama kaazima kitenge cha kwenda msibani. Sikuwahi kumuonyesha mtu, lakini nilikuwa najua naandika kwa ajili gani, nilikuwa namsubiri.

2021 mchumba wangu, na yeye Msukuma kama mimi, wa Shinyanga, akaleta barua kwa mjomba. Mjomba ndo alisaidia kunilea, kanilipia chuo kwa kuuza ng'ombe wake, kwahiyo barua ilienda panapostahili. Ila mshenga akauliza, kistaarabu tu, baba wa binti yupo hai? Mjomba hakuweza kudanganya. Shangazi yangu, dada yake baba, akapata habari, na asubuhi ya pili yake simu inaingia namba ngeni. "Mwangaluka mwanangu, mimi baba yako." Miaka kumi na nane! Hakuuliza mama anaendeleaje wala mdogo wangu yuko wapi, kabla simu haijakatika alishaniuliza wakwe wamesema wanaleta ng'ombe wangapi.

Nilimjibu vizuri sana. Nikamwambia karibu baba, siku ya kikao njoo. Moyoni nilikuwa nimeshapanga kila kitu. Aje, avae, akae mbele, mshenga akishaweka hela mezani na wazee wakimsogezea baba azipokee, mimi natoka chumbani na daftari nasoma mbele ya wakwe ukurasa kwa ukurasa. Nilifanya mazoezi kwa sauti usiku. Nilijua mpaka ukurasa gani nisimame nimuangalie usoni.

Kabla ya hapo nilienda kwa rafiki yangu aliyesoma sheria kwa sababu nilitaka kujua kama ana nguvu yoyote juu yangu, na hili mabinti lijueni kwa sababu linaondoa woga. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema ndoa iliyotimiza masharti mengine ni halali hata kama mila ya mahari haikufuatwa, na idhini ya baba inatajwa kwa binti aliye chini ya miaka 18 tu. Mkubwa unatoa taarifa siku 21 kabla, unafunga. Akaniambia na lingine lililoniuma zaidi, kwamba Sheria ya Mtoto ilitoka 2009, mi nikiwa na miaka 15, mama angeweza kupitia ustawi wa jamii mpaka mahakamani akadai matunzo yetu wote wawili. Mama aliwahi kwenda ofisi fulani kuuliza akaambiwa alete kwanza anuani ya huyo mwanaume, akarudi kuchambua dagaa. Basi. Lakini nilitoka pale najua kitu kimoja, simhitaji huyu mzee ili niolewe, akija anakuja kwa sababu mimi nimemwita.

Mama ndo aliyenisimamisha. Nilimwambia mpango wangu nikitegemea atafurahi. Akaendelea kupepeta mchele, baadaye akasema, "Mwanangu, hao wakwe hawajui lolote kuhusu baba yako, kwahiyo siku ile watakayemkumbuka ni wewe. Kama unataka kumsomea, msomee mbele ya waliomzaa." Hakuniambia nisamehe. Hajawahi kuniambia nisamehe, na namshukuru kwa hilo mpaka leo.

Nikaenda kwa mjomba nikamwambia naomba kikao cha wazee kabla ya siku ya wakwe. Mjomba akaita kaka mkubwa wa baba, akaita shangazi, akaita na baba mwenyewe akimwambia ni maandalizi ya mahari. Tulikaa kwa mjomba sebuleni, baba kaja na mfuko wa machungwa. Nilidhani nitamkuta mtu mkubwa, nilivyokuwa namkumbuka alikuwa mrefu. Alikuwa mzee mwembamba anayekohoa. Nilisikia huruma ikiingia na sikuitaka, nikafungua daftari haraka.

Nilisoma. Sijui ilichukua muda gani ila chai ilipoa yote. Mwanzoni baba alikatiza, "mimi ndiye niliyekuzaa wewe", kaka yake akamwambia nyamaza umsikilize mtoto. Nikaendelea. Nilipofika ile ya mdogo wangu kulazwa shangazi akaanza kulia, akasema hata mimi nilijua mnateseka nikaogopa kugombana na kaka. Mama alikaa mlangoni hakusema neno. Nilipomaliza ukurasa wa mwisho mikono inatetemeka, nikafunga, nikasema sina la kuongeza.

Baba akakaa muda mrefu ndo akaongea. Kumbe lile duara la kwanza lilijaa maji masika, hela ya mama yote ikaishia kwenye kukodi pampu na kulisha vibarua, hakutoka hata mfuko mmoja wa mawe. Akaona aibu kurudi mikono mitupu, akasema nikipata narudi, akaingia lingine, akakopa, miaka ikaenda, akakutana na huyo mama wa Katoro mwenye mgahawa wa wachimbaji akabaki. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Nikamwambia aibu ya mtaji ningeielewa mwaka wa kwanza, hata wa pili, lakini ulipojenga nyumba Katoro ulikuwa na hela ya tofali, tofali moja tu la kila siku lingetosha kunilipia ada. Hakujibu. Na kwangu kule kukosa jibu kulitosha kuliko maelezo yote.

Halafu kaka yake akasimama, mzee yule simsahau, akageukia kwa mama akasema, "Shemeji, ukoo wetu umekukosea, na mimi nikiwemo." Niamini nikikwambia hapo ndo kitu kifuani kiliachia. Miaka yote nilidhani nataka baba aumbuke, kumbe nilitaka sana mtu wa upande wake aseme kwa mdomo kwamba mama hakustahili yale. Nililia mpaka mjomba akaomba kikao kipumzike.

Wazee walivyoamua. Baba hakumaliza mahari ya mama, alitoa ng'ombe wachache kati ya waliokubaliana, na kwa mila yetu mtoto ambaye mahari ya mama yake haikutimia wa kwao ni kwa mama, mpaka akombolewe. Kwahiyo mahari yangu inapokelewa na mjomba, na mkaja unaenda kwa mama. Baba anaruhusiwa kukaa kikaoni, hashiki kitu. Na ule mtaji wa 2003 pamoja na cherehani wazee wakaupigia hesabu ya ng'ombe wanne, baba amlipe mama kwa hela, hata kidogokidogo, akileta inapitia kwa kaka yake ili kuwe na shahidi. Akakubali mbele ya wote. Sijui kama alikubali kwa moyo au kwa kubanwa, kwangu ilikuwa sawa vyovyote.

Siku ya wakwe ilipita vizuri, baba alikaa pembeni ya mjomba, wakwe walimsalimia kwa heshima.

Baada ya harusi ndo kazi yenyewe ilianza maana kikao kimoja hakifuti kila kitu. Nilikuwa naota namfokea. Nikiona mtu amembeba mtoto wake mabegani stendi nilikuwa nageuza uso. Nikamtafuta mshauri nasaha nikawa naenda, alichonisaidia sana ni kuniuliza kila wiki hasira yangu ya leo ni ya jambo gani hasa, maana nilikuwa nairundika yote kwa baba hata ile ya kazini. Wadogo zangu wa Katoro walinitafuta wenyewe, wa kike mmoja ana sura yangu kabisa, nao wana yao juu ya baba, hakuwa malaika hata kule. Tunachati. Mdogo wangu wa tumbo moja amegoma kabisa kumuona, hajaja hata mara moja, na nimewaambia shangazi na wengine wamuache, yeye hakuwahi kuwa na hata siku moja ya kumkumbuka huyo baba, msimlazimishe awe na uchungu au msamaha wa kwangu.

Tangu daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe mwaka 2025 safari imekuwa nyepesi, na baba sasa ana presha anakuja Mwanza kliniki. Anafikia kwangu. Masharti nilimpa kwa mdomo siku ya kwanza na mume wangu akiwepo, haendi kwa mama bila mama kumwita, na mama hampikii wala hamuuguzi, kama kuna kuuguza nitauguza mimi na watoto wake wa Katoro kwa zamu. Bado simwiti baba, namwita mzee, na yeye hajalalamika. Mama alivyopata zile hela za mwanzo alirudisha mtaji, hachukui tena mali kauli, ana stoo yake ndogo na mwezi ukiwa mkubwa anauza yeye.

Kati ya wale ng'ombe wanne mzee kabakiza mmoja. Mwezi uliopita alinipigia anasema anataka kumletea mwanangu zawadi ya mbuzi, nikamwambia amalizie kwanza ng'ombe wa mama.