Mabaharia wa Jumamosi Jioni

Kila Jumamosi jioni, Bibi akishakula na kumeza dawa zake, mimi huvisogeza viti vyetu viwili karibu na televisheni, tukatazama filamu za mabaharia. Bibi ni mjane wa miaka 95 ninayemtunza nyumbani kwake hapa San Diego. Sikulelewa Likoni kumwita mtu wa rika hilo kwa jina lake tupu, kwa hiyo nilimwita Bibi tangu juma la kwanza, naye alipojua maana yake hakutaka tena kuitwa vingine. Kaka yake alikuwa baharia, mumewe alikuwa baharia, na katika mji huu ambao manowari huingia na kutoka kila siku, bado hugeuza uso dirishani akisikia honi ya meli.

Nilipoanza kazi hii nilidhani filamu ya vita lazima iwe na mizinga, moshi na maiti. Hizi anazozipenda yeye, zilizotengenezwa Hollywood katika miaka ya vita vya pili, hazina hata kimoja cha vitu hivyo. Vijana waliovaa sare nyeupe wanashuka melini wakiwa na siku chache za likizo, wanaingia mjini, wanapenda wasichana wasiowajua, wanaimba, wanagombana kwa sababu ya neno lililosikika vibaya, wanapatana, kisha wanarudi melini. Adui haonekani popote.

Tuliyoitazama mara nyingi zaidi ni The Fleet's In, ya kampuni ya Paramount. William Holden ni baharia mwenye haya ambaye wenzake wanamdhania kuwa bingwa wa wanawake, basi wanaweka dau kwamba atambusu mwimbaji wa ukumbi mmoja wa dansi wa San Francisco, Dorothy Lamour, anayesifika kwa kutompa mwanamume yeyote nafasi. Pembeni yao yupo Betty Hutton, katika filamu yake ndefu ya kwanza, anayeimba kwa mikono, miguu na nywele, kana kwamba sauti peke yake haitoshi. Kisa chenyewe ni chepesi, na kingeweza kusimuliwa kwa dakika tatu. Lakini tarehe zake ndizo zilizonifanya nianze kuitazama kwa makini. Mwongozaji wake, Victor Schertzinger, ambaye pia alitunga muziki wa nyimbo zake, alifariki Oktoba 1941 kabla haijaonyeshwa, na tarehe 7 Desemba Wajapani wakashambulia bandari ya Pearl Harbor, ambako Wamarekani zaidi ya 2,400 waliuawa. Filamu ilipowafikia watazamaji mwaka 1942, utani ulioandikwa wakati wa amani ulikuwa unasikilizwa na watu walio vitani. Utani ulikuwa uleule, ila watu waliokaa kwenye viti walikuwa wamebadilika.

Bibi alikuwa mmoja wao. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili hivi, kaka yake akiwa kwenye meli katika Pasifiki, na barua zikija kwa kuchelewa, nyingine zikiwa zimekatwa mistari na wakaguzi wa jeshi. Ananiambia kwamba mama yake hakuwa amecheka tangu Desemba ile. Betty Hutton alipoanza kurukaruka jukwaani, mama alicheka mpaka akalia, akaendelea kulia wimbo ulipokwisha, na Bibi akamshika mkono gizani bila kujua ni kicheko au ni kilio kilichokuwa kinamtikisa. Tangu aliponisimulia hayo, nimeelewa kwamba kinachoziendesha filamu hizi ni saa ya likizo. Kila busu lina haraka kwa sababu meli inangoja, na mtazamaji wa 1942 alijua vizuri kuliko mwandishi wa filamu mahali ambapo meli ile ingekwenda. Hata Holden mwenyewe alijiunga na jeshi la anga mwaka huohuo, na ndugu yake, rubani wa jeshi la majini, aliuawa vitani mwaka 1944. Siku hizi siwezi kumwona akitabasamu kwenye kioo bila kumkumbuka ndugu yake.

Siwezi pia kuzitazama bila kuhesabu wasiokuwepo. Hadi katikati ya mwaka 1942, jeshi la majini la Marekani lilimpokea mtu mweusi kuhudumia meza na jiko la maofisa tu. Dorie Miller alikuwa katika kazi hiyo kwenye manowari ya West Virginia siku ya Pearl Harbor, akasaidia kumbeba nahodha wake aliyejeruhiwa, kisha akashika bunduki ya kutungulia ndege ambayo hakuwahi kufundishwa kuitumia. Alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kutunukiwa nishani ya Navy Cross, na akafa baharini Novemba 1943. Katika likizo za sinema, baharia wa namna yake hashuki melini. Ubaya ulioniuma zaidi umo katika Here Come the Waves, filamu ya Desemba 1944 kuhusu wanawake waliojiunga na jeshi la majini: Bing Crosby na mwenzake, wote Wazungu, wanaimba wimbo mzuri sana huku wamejipaka nyuso weusi ili wachekeshe. Desemba hiyohiyo, Harriet Ida Pickens na Frances Wills wakawa wanawake weusi wa kwanza kupewa uofisa katika kikosi hichohicho cha wanawake. Niliisimamisha filamu nikamweleza Bibi. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akaniomba niyataje tena majina yao, polepole, akayarudia.

Usiku ule aliniuliza kama vita hivyo vilifika kwetu. Nilimwambia kwamba vilifika hadi mlangoni. Mwaka 1942, kwa kuwaogopa Wajapani, Waingereza walizihamishia Kilindini manowari zao za Bahari ya Hindi, na babu yangu, aliyekuwa kuli wa bandarini, alikumbuka mpaka uzeeni jinsi mitaa ya Mombasa ilivyojaa mabaharia wa kigeni. Nilimwambia pia habari za Khedive Ismail, meli ya abiria iliyotoka Kilindini Februari 1944 ikielekea Colombo, ikiwa imebeba askari wa mizinga wa Afrika Mashariki pamoja na wauguzi na wanawake wengine wa jeshi. Nyambizi ya Kijapani iliizamisha karibu na Maldivi, ikatoweka kwa muda usiozidi dakika mbili hivi, na watu 1,297 wakafa. Bila shaka katika vijiji vya kwetu walikuwepo akina mama waliongoja kama alivyongoja mama yake Bibi, na hakuna mwanga wa sinema uliowapa saa moja na nusu ya kucheka gizani.

Kaka yake Bibi alirudi salama. Mwaka 1945 familia ilimpeleka kutazama Anchors Aweigh, ambamo Gene Kelly na Frank Sinatra ni mabaharia wenye likizo ya siku nne mjini Hollywood, na ambamo Kelly anacheza dansi na panya wa katuni. Mama yao alihofu kwamba kijana angeinuka na kutoka. Hakutoka. Siku hizo tiketi moja ilikuruhusu kukaa humo kadiri upendavyo, filamu ikirudiwa tangu mchana hadi usiku, na taa zilipowaka aliomba wabaki kwa onyesho la pili. La pili lilipokwisha akaomba la tatu. Mama alimwachia koti lake, akaenda nyumbani kupika chakula cha jioni, na Bibi akabaki naye.