Siku moja maishani mwangu: Jumapili ya Pasaka katika sinema, Kisumu

Saa 2:00 asubuhi

Mji umetulia. Waliokwenda nyumbani Siaya, Homa Bay na Kakamega waliondoka tangu Alhamisi, na waliobaki wako kanisani hadi saa 6 au saa 7. Ndiyo sababu hakuna shoo ya asubuhi leo. Sikukuu haizalishi watazamaji, inawahamisha saa tu. Anayepanga Pasaka kwa kuchukua Jumamosi ya kawaida na kuizidisha mara nne atakaa na viti vitupu Ijumaa Kuu, kisha Jumapili usiku azidiwe na foleni.

Siku hizo nne hazifanani hata kidogo. Ijumaa Kuu watu wako kwenye njia ya msalaba, wachache huja usiku. Jumamosi mchana ni ya manunuzi, na saa 11 jioni mechi za Uingereza huwavuta vijana wa kiume. Jumapili huanza kuchelewa lakini usiku wake ni kama wa Jumamosi, kwa kuwa kesho hakuna kazi. Jumatatu huamka mapema, na kufikia saa 12 jioni imekwisha: mabasi ya Nairobi yamejaa na Jumanne ni kazi.

Saa 3:00

Kazi ya kwanza ni kukagua funguo. Filamu huja kwenye diski ikiwa imefungwa, na ufunguo wake hutumwa kwa baruapepe. Ufunguo huo una saa ya kuanza na saa ya kuisha, na umetengenezwa kwa seva moja tu, yaani kompyuta inayocheza filamu ukumbini. Ule wa Ukumbi 2 haufungui chochote Ukumbi 1, hata kama filamu ni ileile. Leo filamu ya watu wazima, yaani isiyo ya watoto, inachezwa kumbi zote mbili usiku, kwa hiyo lazima kuwe na funguo mbili.

Sikukuu huwaumbua wengi hapa. Ufunguo ukiisha Jumapili saa 6 usiku na shoo ya Jumatatu ilishauzwa, ofisi ya msambazaji wa filamu imefungwa hadi Jumanne. Omba nyongeza kufikia Jumatano. Kisha usiishie kusoma tarehe kwenye baruapepe: pakia ufunguo, weka filamu kwenye orodha ya kucheza, endesha dakika 2 za mwanzo na dakika 2 za katikati. Angalia pia saa ya seva. Ikiwa nyuma au mbele, ufunguo halali utakataliwa.

Saa 4:30

Ratiba inabandikwa. Filamu ya familia ni dakika 100. Ongeza 15 za matangazo na 20 za kusafisha, unapata saa 2 na robo. Ukumbi 1 wenye viti 140 unaichukua saa 8:00, saa 10:15 na saa 12:30, halafu saa 2:45 usiku unapokea ile ya watu wazima. Ukumbi 2 wenye viti 80 una hiyo ya watu wazima, ya dakika 130, hivyo saa 8:40, saa 11:25 na saa 2:10.

Zile dakika 40 kati ya saa 8:00 na 8:40 zimewekwa kwa makusudi. Keshia mmoja humaliza mteja mmoja kwa dakika moja hivi, M-Pesa ikiwa haisuisui. Kwa dakika 20 ni wateja 20, na siku kama hii mteja mmoja hununulia watu 3. Makeshia wawili basi wanapitisha watu 120. Kumbi mbili zikianza pamoja kuna watu 220, na 100 watakosa mwanzo wa filamu.

Ile saa 2:45 nayo ina hesabu yake. Uingereza ikishasogeza saa mbele mwishoni mwa Machi, mechi ya mwisho ya Jumapili huanza saa 12:30 kwetu na kuisha karibu saa 2:25. Ukianza saa 2:00 umewapoteza watazamaji wa mechi. Dakika 20 baada ya filimbi zinamtosha mtu wa bodaboda kutoka Kondele.

Saa 6:00 mchana

Bisi. Sehemu kubwa ya pesa ya tiketi ni ya msambazaji; jumba linaishi kwa kaunta, kwa hiyo hapa hakuna kubahatisha. Sufuria ya mashine yetu huchukua gramu 225 za mbegu na mililita 75 za mafuta, chumvi ikiingia pamoja na mbegu ili ishike. Inatoa karibu lita 7 na nusu, yaani vikombe 5 vya lita 1 na nusu. Watu 140 wakija na nusu yao wanunue, ni vikombe 70, sawa na sufuria 14. Kila moja dakika 4: dakika 56. Ukiwasha mashine mlango unapofunguliwa, umeshachelewa kwa saa nzima. Weka tayari kilo 3 na robo za mbegu na lita moja na kidogo ya mafuta kwa kila shoo kubwa.

Mbegu zikibaki chini bila kupasuka, usikimbilie kulaumu mashine. Mbegu hupasuka kwa mvuke wa maji yaliyo ndani yake, na hupendeza zikiwa na unyevu wa asilimia 13 hadi 14. Gunia lililoachwa wazi siku mbili kwenye joto la Kisumu limekauka. Libane kila usiku.

Saa 7:00

Washa kiyoyozi sasa, ukumbi ukiwa mtupu. Mtu aliyeketi hutoa joto la takriban wati 100. Watu 140 ni kama hita za kilowati 14 zimewashwa chumbani. Ukingoja wakae kwanza, hutalishinda joto hilo hadi filamu iishe.

Saa 7:40

Kanisa limeachilia. Familia zinafika kwa tuktuk, mama, shangazi, watoto wanne wakiwa na nguo za Pasaka. Swali la kwanza mlangoni ni umri. Daraja la bodi ya filamu, KFCB, liwe limebandikwa dirishani mwa tiketi: GE kwa wote, PG kwa uangalizi wa mzazi, kisha 16 na 18. Keshia aulize kabla ya kupokea pesa: "Mama, huyu mdogo ana miaka mingapi?" Ukimzuia mtoto wa miaka 9 mlangoni baada ya kulipiwa, utarudisha pesa za watu sita, maana hakuna mama atakayemwacha nje.

Malipo yathibitishwe kwenye simu ya tili. Ujumbe ulio kwenye simu ya mteja si uthibitisho. Sikukuu mtandao hulemewa na ujumbe hukawia. Anayesubiri asogezwe pembeni kwa heshima, foleni iendelee.

Saa 11:00 jioni

Wingu limetoka upande wa milimani, upepo umegeuka. Aprili ni mvua ya masika, na Kisumu hunyeshewa zaidi kuanzia alasiri. Mvua hugawa watazamaji mara mbili: aliye tayari ndani ya jengo hununua tiketi ya saa 11:25 ambayo hakuipanga, na aliye Nyalenda au Mamboleo haji. Ukiona shoo ya 11:25 imejaa, usiandike kwamba filamu imependwa. Andika mvua.

Stima inapotea. Jenereta inashika ndani ya sekunde kama 15, na seva inabebwa na betri ya akiba. Taa ya projekta haibebwi. Taa hiyo ni ya gesi ya zenoni; ikizimika ghafla ikiwa moto isiwashwe papo hapo. Acha feni ziipoze dakika 10, la sivyo itakataa kuwaka au utafupisha maisha yake. Wakati huo mtu aingie ukumbini na tochi, aseme ni dakika ngapi. Watu huvumilia dakika 10 walizoambiwa, ila si 3 za kimya. Filamu irudishwe nyuma dakika moja kabla ya pale ilipokatika. Kwenye jenereta, kiyoyozi na mashine ya bisi visiwashwe kwa mpigo: kiyoyozi kwanza, kikitulia ndipo bisi.

Saa 12:30

Shoo dhaifu kuliko zote za leo. Watoto wanarudishwa nyumbani, wanaume wako kwenye mechi. Wafanyakazi wale sasa, kwa zamu.

Saa 2:15 usiku

Wapenzi, vikundi vya vijana, wanafunzi wa chuo. Hawa hununua tiketi mbilimbili, foleni ni ndefu kwa idadi ileile ya watu, na wanataka viti vya nyuma. Keshia wa tatu aingie. Shoo ya saa 2:10 ikitoka saa 4:35 na ya saa 2:45 ikitoka saa 5:10, bodaboda wa nje wanawamaliza kundi moja kabla ya jingine.

Saa 5:30

Daftari. Tunaandika vichwa kwa kila shoo, hatuandiki asilimia: watu 80 ni asilimia 100 ya Ukumbi 2 na asilimia 57 tu ya Ukumbi 1. Wala hatuandiki pesa peke yake, kwa kuwa tiketi ya mtoto ni nusu bei. Pembeni kuna safu ya hali: mvua, mechi, stima, shule.

Safu ya shule ndiyo hufafanua mwaka hadi mwaka. Pasaka ya 2024 ilikuwa Machi 31, shule zikiwa muhula wa kwanza. Ya 2025 ilikuwa Aprili 20, zimefungwa. Kulinganisha jumla za wikendi hizo mbili na kusema watu wamerudi sinema ni kosa. Marekani walio na hesabu kubwa wanaonyesha upande wa pili, kwamba filamu yenyewe nayo ina uzito wake: wikendi ya Memorial Day (sikukuu yao ya mwisho wa Mei) ya 2024, filamu ya Furiosa iliongoza kwa karibu dola milioni 32 kwa siku nne; mwaka uliofuata, sikukuu ileile, Lilo & Stitch ilipata zaidi ya milioni 180. Na hapa kwetu, Februari 2018, Black Panther ilizinduliwa Kisumu, gavana wetu akiwa baba yake Lupita Nyong'o, mmoja wa waigizaji wake. Kenya haikuwa na sikukuu yoyote wiki hiyo.

Kwa hiyo wikendi ijayo Jumapili ikishuka sana, tutailinganisha na Jumapili ya kabla ya Pasaka. Kesho Ukumbi 1 unafunguliwa saa 5:00 asubuhi na filamu ya familia, na shoo ya saa 2:45 usiku imeondolewa. Gunia la mbegu limebanwa.