Moshi mwenye haraka hupanda basi, Leipzig hupanda treni

Mtoto wa kaka yangu anaondoka Februari kwenda kusomea uuguzi Leipzig, Ujerumani, mji ambao mimi naishi mwaka wa tisa sasa. Juzi tulikaa mgahawani karibu na stendi kuu ya Moshi, chai ya maziwa na chapati mezani, wapiga debe nje wakiita "Arusha, Arusha, Boma!" Akanigeuzia simu.

"Shangazi, hebu ona. Frankfurt hadi Leipzig kwa basi, nauli haifiki hata nusu ya treni. Nikate?"

Nikamwambia asikate kwanza, tunywe chai.

Nilimwelewa kabisa, kwa sababu na mimi nilifika kule na hesabu za nyumbani. Huku kwetu mwenye haraka anadamka, anapanda basi la alfajiri, na jioni yuko Dar. Treni ni ya mwenye nafasi. Inaondoka mchana, unalala njiani, daraja la tatu nauli iko chini ya basi, na Desemba inajaa watu wanaorudi kula Krismasi mgombani. Ilipotea miaka zaidi ya 20, ikarudi Desemba 2019, na baba aliniambia kwa simu kwamba alishuka mjini kwenda kuitazama tu. Naipenda treni ile kwa moyo wote. Lakini hakuna Mmoshi anayeipanda ili awahi.

Ujerumani mambo yamegeuka. Treni ya kasi inatoka Berlin hadi München kwa saa nne hivi, basi linakula karibu mara mbili ya hizo. Na mabasi ya masafa marefu ni mageni kuliko tunavyodhani. Sheria ya tangu miaka ya 1930 ilikuwa ikiilinda reli, na soko halikufunguliwa hadi Januari 2013. Miji mingi ina stesheni kubwa katikati, wakati basi mara nyingine linatafutiwa pa kusimama pembeni.

Hilo la pembeni limenigharimu. Mwaka wangu wa pili, Mtanzania mwenzetu alifiwa Köln, nikakata basi la usiku kwa sababu ya bei. Kwenye tiketi niliona neno Köln, sikusoma zaidi. Tulikutana na foleni barabara kuu, na tulipofika dereva akazima gari, watu wakaanza kushusha mizigo, mimi nikawa natafuta mnara wa kanisa kuu lao maarufu. Nje naona ndege. Jiji lile lilikuwa limeyaondoa mabasi ya masafa marefu katikati tangu 2015, yakahamishiwa uwanja wa ndege. Nikatafuta treni ya mjini, nikalipa tena, nikafika ibada imeshaanza. Nilisimama nyuma kabisa na begi mkononi, viatu vimelowa. Yule dada aliyefiwa aligeuka akaniona, akanipungia mkono kidogo. Mpaka leo nikikata basi nasoma jina la kituo, siyo jina la mji.

Sisemi treni haina ubaya. Mwaka 2024 karibu treni nne kati ya kumi za masafa marefu za Ujerumani hazikufika kwa wakati. Nimeganda kwenye jukwaa usiku wa Januari, treni ya kuunganisha imeshaniacha, vidole sivisikii. Ila hapo ndipo tofauti ya kweli ilipo, na sijui kwa nini wengi wetu hatuambizani. Treni ikikufikisha umechelewa saa moja, unadai robo ya nauli yako; ikiwa saa mbili, nusu. Kwa basi, sheria ya Ulaya haikupi fidia ya kuchelewa kufika. Inaangalia kuondoka: safari ikiwa ya kilomita 250 au zaidi na basi likachelewa kuondoka zaidi ya dakika 120, unachagua kurudishiwa nauli au kutafutiwa usafiri mwingine. Likikwama njiani, utafika litakapofika.

Basi nalipanda bado. Sisi tunaofanya kazi za zamu mara nyingi tunajua siku ya mapumziko dakika za mwisho, na dakika za mwisho ndipo treni ya kasi inapokuwa ghali kupita kiasi. Basi nalo hupanda bei, lakini si kwa kiwango kile. Lina choo ndani, hakuna cha kuchimba dawa porini. Kwa safari fupi kuna tiketi ya mwezi ya nchi nzima, iliyoanza Mei 2023 kwa euro 49. Mwaka 2025 ilikuwa 58. Inakubali treni za mkoa tu, zile za kasi hapana. Leipzig hadi Dresden, saa moja na nusu hivi, sijui hata kama kuna haja ya kufikiria kitu kingine.

Kijana alisikiliza, kisha akauliza swali zuri: "Sasa kuna tiketi ya treni ya bei poa hapa. Hiyo je?"

Ile ya bei poa imefungwa kwenye treni moja tu. Ndege ikichelewa, au foleni ya pasipoti ikiwa ndefu, treni yako imekwenda na tiketi imekufa. Na anabeba mabegi mawili makubwa, dagaa na unga wa bibi yake ndani. Basi linaruhusu begi moja la buti, la pili unalipia. Tukakubaliana akate ya bei kamili, inayoruhusu treni yoyote ya siku hiyo. Kaka yangu aliguna aliposikia kiasi, halafu akasema sawa, ni ya siku moja.

Stesheni ya treni za masafa marefu iko pale pale uwanja wa ndege wa Frankfurt, atakaposhukia. Safari inachukua zaidi kidogo ya saa tatu, hana haja ya kubadilisha akichagua ya moja kwa moja. Leipzig reli za majukwaa ya juu zinaishia ukutani, na majukwaa yote yanafungukia ukumbi mmoja mkubwa. Nimemwambia akishuka atembee tu kwenda mbele, kule treni ilikoelekeza kichwa. Mimi natangulia wiki mbili kabla yake. Nitakuwa nimesimama hapo, na koti zito la ziada mkononi.