Mkono ulikuwa mzito

Jumatatu jioni, baada ya mimi kushindwa kura ya kamati ya shule, Mama Jofrey alikuja kuchukua sketi ya mwanae, ile ya marinda niliyoishusha pindo maana mtoto amerefuka ghafla. Nilikuwa nimeshaipiga pasi. Akaipokea, akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena, afu huku anaangalia marinda akasema, "Mama Nasra, mi moyoni nilikuwa na wewe. Ila mkono ulikuwa mzito."

Na mimi nikamjibu, "Haina shida mpenzi."

Leo Ijumaa. Baba Nasra kapata ule uhamisho wa Mtwara, mama katoka wodini salama Alhamdulillah, na bado nikikaa kwenye cherehani kinachonijia kichwani ni hiyo sketi na hayo maneno. Haina shida! Shida ipo jamani, kwa nini nilisema haina? Nakanyaga pedeli namjibu upya. Mara namwambia mkono mzito vipi na ndo huo huo ulioshika kalamu tukahesabu wote vyoo? Mara namwambia kwa upole, dada, ungeniambia mapema nisingekutafuta kwa macho. Maana nilimtafuta. Hilo ndo linaloniuma.

Siku ya mkutano tuliwekwa mbele chini ya mwarobaini, tumebaki wawili kwenye nafasi ya mwisho ya ujumbe wa kamati ya shule, mimi na mzee mmoja ambaye hoja yake ilikuwa uzio wa shule. Mwalimu mkuu, ambaye ndo katibu wa kamati, akasema wanaomtaka Mama Nasra wanyooshe mikono juu. Tumesimama uso kwa uso na wazazi wenzetu, kila mkono unauona, na usionyooshwa unauona pia. Mama Jofrey alikuwa mstari wa tatu upande wa dirisha la darasa la nne. Ameshika mkanda wa pochi kwa mikono miwili, kama mtu aliyeko kwenye daladala lililojaa. Anaangalia chini. Nikasubiri, nikajua anatafuta kitu tu atanyoosha, mpaka mwalimu akamaliza kuhesabu.

58 kwa 61. Hesabu naijua, mkono wake peke yake usingenipa ushindi. Lakini ningeuona.

Mnakumbuka niliyoandika mwezi uliopita, siku tulipoingia mimi na yeye kuhesabu matundu ya vyoo vya wasichana, matundu tisa kwa wasichana 512, na kiwango cha serikali ni tundu moja kwa wasichana 20 (kwa wavulana 25), yaani hapo yasipungue 26. Yeye ndo aliyekuwa anaandika kwenye daftari mimi nikifungua milango, mlango mmoja hauna hata komeo, watoto wanashikiana kwa zamu. Siku ile alilia. Akasema Mama Nasra wewe ukiingia kwenye kamati hili litasemwa. Kwa hiyo nilipopewa dakika zangu tatu nilisema hayo hayo, na nikaeleza habari ya ruzuku ya serikali kwa shule, kwamba ni 10,000 kwa mtoto kwa mwaka na katika hiyo 6,000 ndo inakuja kwenye akaunti ya shule, 4,000 inabaki juu kwa ajili ya vitabu, sasa kwa hela hiyo hakuna choo kitakachojengwa, lazima kamati ipitishe maombi yaende halmashauri na ifuatilie isikae kimya. Watu walinisikiliza vizuri. Nilijua nimeeleweka.

Basi jana nikampelekea Jofrey kaptula yake, ile ya kubadilisha zipu. Nafika kibarazani nakuta yule mzee aliyenishinda amekaa kwenye stuli anaandika risiti, na mpangaji wa chumba cha mbele amesimama anahesabu noti. Nilisimama getini nimeshika mfuko. Ile nyumba ni yake! Nimeingia mule mara ngapi sijui, najua kabisa mwenye nyumba ni nani, na haikuwahi kukaa kichwani pamoja na habari ya kura hata mara moja. Na Mama Jofrey mwenyewe aliniambia tangu Ramadhani kwamba kodi yake ya miezi sita inaisha mwezi huu na anataka kuomba alipe kwa miezi mitatu mitatu.

Sisemi mzee alimtisha, sijasikia hivyo na sitaki kumzushia mtu mzima. Alinisalimia vizuri tu, akaniuliza hali ya mama. Lakini hebu jiweke pale, mstari wa tatu, mwenye nyumba wako amesimama mbele anakutazama, na unaambiwa nyoosha mkono kwa mwingine. Hata wangu ungekuwa mzito. Na mwenzangu angeweza kuchukua sketi akalipa akaondoka, nisingemuuliza kitu maisha yangu yote. Alikuja kuniambia. Alikunja ile sketi mara zote zile anatafuta pa kuanzia, na mimi nikamfungia mlango kwa "haina shida mpenzi".

Tangu jana hasira imehama kabisa, imeenda kwenye ile mikono. Kuchagua watu kwa kunyoosha mikono mtaa ambao huyu anamdai yule na yule amepanga kwa huyu, kwa kweli siyo sawa. Tupige kura ya siri: daftari moja la kurasa 48 ni karatasi 24, kila karatasi ukikata vipande nane unapata 192, inatosha wazazi wote waliokuja na zinabaki, na ndoo yenye mfuniko naitoa mimi. Barua nimeshaiandika, Jumatatu nampelekea mwalimu mkuu, kwa heshima, kwa ajili ya uchaguzi ujao, nigombee nisigombee. Ya vyoo nitaiandikia nyingine kama mzazi. Nitamwomba Mama Jofrey lile daftari tulilohesabia, liko kwake, na nikienda ndo nitamwambia nilichotakiwa kumwambia Jumatatu. Bado natafuta maneno yenyewe.

Afu cherehani tangu asubuhi inaruka mishono. Nimebadilisha sindano, nimesafisha bobini, nimekaza mkanda, bado. Magauni ya sendoff ni sita, yanachukuliwa kesho saa nne, na yaliyokwisha ni mawili.