Vigezo Visivyo na Idadi Maalumu: Kuhamishia Programu ya C kwenye AVR

Hapa Moshi tunatengeneza kifaa kidogo cha kupima kina cha maji kwenye mfongo, yaani mfereji wa umwagiliaji, na programu yake ya C iliandikwa na kujaribiwa kwanza kwenye kompyuta ya kawaida ya biti 64, ndipo ikahamishiwa kwenye maikrokontrola (kompyuta ndogo ya chipu moja) ya AVR ya biti 8. Kilichotusumbua zaidi hakikuwa kihisi wala betri, bali fanksheni ya kuandika kumbukumbu za vipimo (log), ambayo kama ilivyo printf, fanksheni ya C ya kuchapisha maandishi, hupokea vigezo vingi au vichache kadiri anavyotaka mwenye kuiita.

Fanksheni ya namna hii haiambiwi ni vigezo vingapi vimeletwa wala ni vya aina gani. Inaamini tu maandishi ya muundo inayopewa, ambamo kila %d humaanisha "soma int moja", yaani namba kamili ya kawaida. Programu yetu ilikuwa na mstari huu:

kumbukumbu("muda %d kina %d", muda, kina);

Muda ni uint32_t, yaani baiti 4, na kina ni int16_t, yaani baiti 2. Kwenye kompyuta int nayo ni baiti 4, kwa hiyo kila kitu kilisomeka sawasawa. Kwenye AVR int ni baiti 2 tu. Muda ukiwa 70000 na kina 83, skrini huonyesha "muda 4464 kina 1": %d ya kwanza imesoma nusu ya chini ya muda, ya pili imesoma nusu yake ya juu, na ile 83 haikuguswa kabisa. Dawa yake ni kutumia PRIu32 kutoka inttypes.h, iliyoingia kwenye C mwaka 1999, ambayo huchagua herufi sahihi kwa kila mashine.

Zipo pia programu za zamani zinazochukua anwani ya kigezo cha kwanza na kuhesabu baiti kwenda mbele. Hesabu hiyo ilikubali kwenye x86 ya biti 32, ambako vigezo vyote hupangwa kwenye staki (eneo la muda la memori), lakini Linux ya x86-64 huweka vigezo sita vya kwanza vya namba kamili kwenye rejista (hifadhi ndogo zilizo ndani ya prosesa), na ARM ya biti 32 huweka vinne. Kwenye kompyuta za Apple zenye ARM64, vigezo hivi visivyo na idadi maalumu hurudi tena kwenye staki. Kwa maoni yangu msimbo kama huo haustahili kutiwa viraka. Ufutwe na uandikwe upya kwa va_start na va_arg za stdarg.h, ambazo huanzisha orodha ya vigezo na kukisoma kimoja kimoja.

Jambo la va_list, aina inayoshikilia orodha hiyo, lahitaji uangalifu wa kipekee. Fanksheni yetu huandika ujumbe uleule kwenye kadi na kwenye skrini, hivyo husoma orodha mara mbili. Pale ambapo va_list ni pointa (anwani) tupu, kama kwenye AVR, kuipitisha mara mbili huweza kukubali. Kwenye x86-64 usomaji wa pili huanzia pale wa kwanza ulipoishia. Tumia va_copy kunakili orodha kabla ya usomaji wa kwanza, na ufunge kila nakala kwa va_end.

Mwisho, itambulishe fanksheni yako kwa kompaila ya GCC kwa __attribute__((format(printf, 1, 2))) na uwashe -Wformat, ili ikuonye vigezo visipolingana na maandishi ya muundo. Fanya hivyo ukitumia kompaila ya AVR yenyewe, kwa sababu ile ya kompyuta huupitisha mstari wetu wa muda bila onyo lolote.