Mpemba Asiyejua Karafuu

Mwaka 1990, dada yangu alipoolewa Mikindani, mikate ya harusi ililetwa na mtu tuliyemwita Mpemba, ingawa hakuwahi kuiona Unguja wala kuupanda mkarafuu. Alitoka Pemba ile nyingine, mji wa bandari kaskazini mwa Msumbiji ambao Wareno waliuita Porto Amélia, akavuka Ruvuma kwa mtumbwi pamoja na mkewe wakikimbia vita vya Frelimo na Renamo, ambavyo wakati huo vilikuwa bado miaka miwili kwisha.

Usiku wa mkesha, wapiga ngoma walipokwenda kuzipasha ngozi moto, alisimama katikati ya uwanja akaanza kusimulia jinsi alivyojifunza nchi yetu. Kila aliposema ametoka Pemba aliulizwa bei ya karafuu, hata akaona heri aitaje tu kuliko kubishana. Siku ya kwanza kwenda zahanati, nesi alimpa vidonge akamwambia, "Meza," naye, kwa kuwa kwa Kireno neno hilo ni meza ya mbao tu, akaviweka mezani kwa heshima; nesi aliporudia kwa ukali, akavipanga vizuri zaidi. Hapo alituonyesha, akipanga vidonge vya hewa kwa ncha za vidole viwili, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo kama mtoto anayejifunza kuandika, na watu wakagaagaa mchangani. Kisha likaja la gereza. Neno hilo tulilipata kwa Wareno, ambao kwao igreja ni kanisa. Basi alipoonyeshwa jengo lenye ukuta mrefu akaambiwa ni gereza, Jumapili alivaa shati jeupe akaenda kubisha hodi. Askari alipomwuliza amekuja kumwona nani, alijibu, "Nimekuja kuungama."

Nilicheka mpaka machozi, lakini niligundua kwamba katika kila kisa mjinga alikuwa yeye. Huku kusini mtani aweza kumwambia bwana harusi, mbele ya wakwe, kwamba ana miguu ya korongo, na hakuna atakayenuna. Mgeni asiye na mtani akisema hivyo, ametukana. Nadhani alilijua hilo vizuri, maana kabla ya kila neno aliziangalia kwanza nyuso za wazee.

Ndipo bibi yangu mzaa mama alipoinuka, akaenda moja kwa moja akamvua kofia na kuifutika ndani ya kanga yake.

"Wewe Mpemba wa uongo, mkate wako umening'oa jino. Kofia hii haitoki bila mikate kumi."

Mtu aliyekuwa akisema tangu jioni alibaki kimya, mkono juu ya kichwa kitupu.

"Mama," alisema hatimaye, "kwa hiyo na mimi naruhusiwa?"

"Kama huruhusiwi, basi mimi nimekuwa jambazi?"

Aliutazama mdomo wa bibi kwa muda mrefu, kama mganga wa meno.

"Jino hilo, mama, liling'oka tangu Wajerumani wanajenga Boma."

Uwanja mzima ulilipuka, na aliyecheka kwa sauti kuliko wote ni bibi mwenyewe, bila kujali pengo.

Asubuhi, kabla jua halijapanda, alikuja kichwa wazi na kapu lililofunikwa kitambaa. Bibi aliihesabu mikate mara mbili juu ya mkeka.

"Ni tisa."

"Wa kumi nimeula njiani, mama, nijue kama kweli ni mgumu."